Aibu Haina Uzito

Neno la kwanza lilimkwama Wybren kooni, na ukumbi mzima ukabaki kusubiri.

Alikuwa mtoto wa mtengeneza jibini, na siku hiyo alikuwa akitetea tasnifu yake mbele ya wasomi wa chuo cha Friesland, huko Uholanzi: kwamba roho na mwili ni vitu viwili mbalimbali, ila vinagusana. Akishindwa, angerudi kwao kukamua maziwa. Kilatini, lugha ya mijadala ya chuo, alikimudu barabara. Kigugumizi ndicho kilichomshinda.

Mpinzani wake, Daktari Idsinga, alimwacha ahangaike kwanza, kisha akasema kwa upole wenye sumu, "Kijana, unadai roho huuamuru mwili. Basi uamuru ulimi wako. Au roho yako nayo ina kigugumizi?"

Wanafunzi wakacheka, wakigonga madawati. Jasho likamtiririka Wybren mgongoni. Miaka yote alikuwa akiukwepa wakati kama huu: akiketi nyuma, akichagua maneno mepesi, akijifanya hajui majibu aliyoyajua. Sasa hapakuwa na pa kukimbilia, na hapo ndipo alipoliona jibu.

"Ro-roho yangu haina kigugumizi, Daktari. Neno limekwisha kamilika humu ndani, ndiyo maana nyote mnalisubiri. Lililochelewa ni u-ulimi. Basi ni viwili." Akavuta pumzi. "Tena umenitia aibu. Aibu haina uzito wala urefu. Hu-huipimi kwa rula. Hebu njoo uguse shati langu."

Idsinga hakusogea.

"Limelowa chapachapa. Nani kalilowesha?"

"Na masikio ya Daktari je?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Mbona yamewiva kwa wekundu?"

Safari hii kicheko kiligeuka upande. Idsinga alijishika sikio kabla hajajizuia. Mzee aliyeongoza mjadala akafuta machozi ya kicheko. "Iandikwe," akasema, "kwamba masikio yamejibu."

Wybren alizungumza saa nzima, akikwama bila haraka, na watu wakalingoja kila neno lake kama wangojao mkate tanurini. Alipotunukiwa shahada, madawati yaligongwa tena, kwa nguvu zaidi.

Idsinga alimkuta ngazini.

"Umenipiga vizuri," alisema. "Lakini hapa hatupo mbele za watu, mwanangu. Hivyo viwili vinagusana wapi?"

Wybren akafikiri juu ya ubongo, moyo, damu, na vitabu vyote alivyosoma.

"Sijui," alisema.

Neno lilitoka mara moja, laini, na wote wawili wakasimama wakilisikiliza.