Taa Bado Nyekundu

...maana waya ameuchomeka pale pale alipoambiwa, kwenye tundu la buluu, si mara moja, mara tatu, na ruta mpya bado inamkodolea taa yake nyekundu, na huyu binti wa huduma kwa wateja simuni, sauti tamu lakini ana haraka zake, anasema mama, waya hauna neno, modemu yako iko kwenye hali ya daraja, naye anajibu ehe, kama mtu aliyeelewa, daraja gani tena juu ya kabati la vyombo, yeye miaka thelathini na moja ameshona sare za wauguzi, hakuna cherehani iliyowahi kumshinda, leo kisanduku cha plastiki kinamtoa jasho, na saa nne kamili mwalimu wa matamshi anatakiwa atokee kwenye tableti amfundishe mzee kusema maji, kusema mlango, na tangu ruta ya zamani iungue wamekwishakosa somo moja, wakikosa na la leo ni mpaka wiki ijayo, na mwalimu alisema wazi, maneno yasipofanyiwa mazoezi yanapotea tena... Yaani mama, anasema binti, modemu haiamui kitu, haichuji, inapitisha tu kinachokuja kama kilivyokuja, kazi yote imeachiwa ruta, ndiyo maana inadai jina la akaunti na neno la siri, nani alikufungia ile ya zamani? Kijana wangu, anasema, halafu anaongeza, kitinda mimba, kana kwamba kaulizwa. Basi mpigie, atakuwa nayo. Mpigie, ehe, rahisi hivyo... chumbani mzee anakohoa, ameshakaa kwenye kiti chake, shati safi, nywele zimechanwa, utadhani anakwenda kwenye usaili, na ni yeye aliyemvisha, mkono wa kulia kwanza maana ndio uliopooza, ni yeye aliyemgeuza usiku, aliyemlisha kijiko kwa kijiko wiki saba mzee hana hata neno moja, na majirani wakiuliza yule mdogo mbona hatumwoni anasema ana kazi nyingi, anatikisa kichwa kidogo, wamwonee huruma... mwongo we, atakujaje na hajui. Ulimwambia baba yako ana presha kidogo tu, atapona, usije ukamtibua. Ndivyo alivyomwambia, kwa mdomo wake huu. Tabia yake ya siku zote, kupunguza hapa, kukunja pindo pale, tangu kijana aiache ile kazi ambayo baba yake alimtafutia kwa kupigia watu magoti, akaenda kuwafungia watu intaneti majumbani, wakanuniana, maneno yote yakawa yanapita kwake. Mzee akisema mwambie huyo mpumbavu nimemchoka, kwenye simu yanafika baba yako anakusalimu, kakasirika kidogo. Mtoto akisema mwambie asinisimange tena, mezani yanafika mwanao anaomba radhi, wala hakuomba. Alitaka wapatane, jamani, nani angefanya tofauti, mpaka siku walipokutana uso kwa uso, baba akangoja radhi, mtoto akashangaa radhi ya nini, wakaachana wakiitana waongo, usikanyage hapa, sikanyagi, na mwongo mwenyewe kasimama kati yao na sinia la chai.

Mama, unanisikia? Nakusikia binti, ngoja kidogo... na hilo angejisamehe, lakini la Jumanne ile, siku tisa leo, mzee alimshika kiganja, akavuta pumzi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akasema Sokomoko. Jina alilompa mwanawe siku alipofumua redio nzima sakafuni akashindwa kuirudisha. Kisha akapumzika, akasema, aje. Neno la kwanza baada ya wiki saba, na si jina lake yeye mwenye bakuli la supu mkononi, si mke wangu, si hata asante... akamfuta kidevu, akamwambia kunywa, supu inapoa. Siku tisa kalikalia neno la mtu aliyelitoa kwa jasho, na kila gari likisimama nje mzee anageuza shingo mlangoni, naye anaona, anafua, anapika, anajitia haoni. Wivu, basi, auite kwa jina lake, mwanamke wa miaka sitini na mbili anamwonea wivu mtoto wa tumbo lake. Na huko ndani mzee anajifunza kusema mlango, kusema maji, ayaseme kwa nani, ikiwa lile alilolitaka mwenyewe limeishia jikoni... Mama, anasema binti, au niirudishe modemu ilivyokuwa mwanzo, nabonyeza tu hapa, dakika mbili, hutahitaji kumpigia mtu yeyote. Hutahitaji kumpigia mtu. Saa ya ukutani inasema bado dakika tisa, dakika mbili zinatosha kabisa, mzee atasoma, hakuna atakayejua... na kijana akipokea, akisema haloo mama, ya ruta yatangoja, ataanza na baba yako amepooza, nilikuficha, amesema Sokomoko aje, hivyo hivyo, asiongeze salamu, asipunguze kitu, na akinyamaza amwache anyamaze, asimtafutie la kusema. Mama, nibonyeze? Usibonyeze, mwanangu, anasema, na kidole kinatafuta pa kukatia simu, na taa bado nyekundu.