Maoni Yangu Kwenye Faili la Helikopta

Nilifanya kazi wizarani Delhi miaka thelathini na moja na sikula rushwa hata ya kikombe cha chai. Jengo zima lilijua. Wauzaji wa silaha walijua pia, wakaacha hata kuniletea kalenda za mwaka mpya. Nikipita kwenye korido makarani walinong'ona, "Ndiye Mohapatra huyo," nami nilijifanya sisikii huku kichwa kinavimba.

Kazi yangu ilikuwa kusoma mafaili na kuandika maoni. Jeshi la majini likitaka kitu, linaandika. Faili linapanda kutoka ofisi moja hadi nyingine, kila ofisa anaongeza maoni yake chini ya mwenzake na kutia sahihi, mpaka limfikie waziri. Kwetu ofisa haogopi kuchelewesha, kwa kuwa kuchelewesha hakujawahi kumfunga mtu. Anachoogopa ni kukubali. Ukikubali leo, miaka kumi baadaye umeshastaafu, umekaa na wajukuu, wapelelezi wanabisha hodi: kwa nini ulikubali? Basi mwenye akili hutafuta kasoro moja, huandika swali, faili likarudi lilikotoka. Mimi nilikuwa bingwa wa danadana hiyo. Zamani ningesema hivyo kwa kujisifu.

Faili la helikopta lilinifikia Ijumaa moja mwezi wa Machi. Helikopta ndogo za manowari zetu zilikuwa zimezeeka kupita kiasi. Muundo wake ulichorwa kabla mimi sijazaliwa, zina injini moja, na kila mwaka zilipotakiwa kustaafu ziliandikiwa karatasi ya kuongezewa mwaka mwingine. Jeshi lilikuwa limeomba mpya kwa miaka kumi na minne. Zabuni ya kwanza ilifutwa kwa minong'ono ya rushwa. Katika ya pili helikopta zilijaribiwa jangwani, milimani na baharini kwa miaka mitatu. Wauzaji watatu waliingia. Mmoja akashindwa majaribio, wa pili akachoka kusubiri akajitoa. Alibaki mmoja, na helikopta yake ilikuwa nzuri. Ilihitajika sahihi yangu ili faili lipande.

Kukreja, karani mkuu wa kitengo changu, Mpunjabi mnene mwenye mdomo usiotulia, alilileta mwenyewe, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

"Mohapatra-ji, leo nakuomba. Hili lipitishe tu. Usilitafutie uchawi."

"Wamebaki wauzaji wangapi?"

"Nilijua! Nilijua utauliza hilo! Amebaki mmoja, ndiyo. Kwani wachumba wawili wakikimbia, yule aliyebaki hafai kuoa?"

"Kanuni inasema shindano la mtu mmoja si shindano."

"Kanuni hiyohiyo inasema unaweza kuomba ruhusa maalumu. Iombe basi."

"Niiombe mimi? Ili kesho waseme nimembeba?"

"Wewe? Nani India hii atasema Mohapatra kala? Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini wako hata ukipakwa samli hakuna atakayethubutu kuulamba."

Nilicheka. Kisha nikafungua kalamu nikaandika: "Kwa kuwa amebaki muuzaji mmoja, ushindani haupo tena. Inapendekezwa zabuni ifutwe na ianzishwe upya." Ilikuwa mistari miwili, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Maofisa tisa walio juu yangu waliandika, mmoja baada ya mwingine, "Nakubaliana." Ambaye angekataa angeulizwa ana maslahi gani. Katibu mwenyewe alinipigia simu kunipongeza. Jioni mke wangu Kuntala alipika samaki wa haradali, nikala mpaka nikalegeza mkanda.

Wakati huo mtoto wetu wa pekee, Sulagna, alikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo ya urubani katika jeshi hilohilo la majini. Nilijua atarusha. Ila nilijiambia kwamba atapangiwa zile ndege kubwa mpya za doria, na mabovu watapangiwa watoto wa watu wengine. Imani hiyo niliitoa wapi, sijui. Labda kila mzazi anayo.

Alipangiwa helikopta za zamani.

Likizo ya kwanza alikuja amekonda, mweusi kwa jua la baharini, na furaha tele. Alikaa jikoni juu ya kaunta kama alivyokuwa akikaa utotoni, akawa anatusimulia huku anatafuna vitumbua vya mama yake.

"Bapa, yule ni bibi kizee kabisa. Amenizidi zaidi ya miaka arobaini. Asubuhi kabla sijapanda namgusa miguu. Nainama pale kwenye gurudumu, namwambia, Bibi nibariki, leo turudi wote."

"Nyamaza!" Kuntala alimpiga begani kwa mwiko. "Mambo gani ya kutania hayo!"

"Mama, tusipotania tutafanya nini? Ziko tatu kikosini, zinaruka mbili. Ya tatu mafundi wanaichuna vipuri. Huku ikiharibika pampu, wanang'oa kule. Ikifa waya, wanang'oa kule. Maskini imebaki mifupa."

Simu yake ikalia. Ilikuwa video, na ndani yake kijana wa Kerala mwenye masharubu membamba anacheka kabla hajasema. Ndiye Roshan Kurien, rubani mwenzake.

"Huyo ndiye Anko wa wizarani? Anko, shikamoo! Tuletee mpya bwana! Hii yetu ikitua, mafundi wanapiga makofi!"

"Mwongo huyo," Sulagna akasema, anacheka. Alipokata simu akanigeukia. "Kweli lakini, Bapa. Zitakuja lini?"

"Ziko njiani," nikasema.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasisikie ninavyohema.

Tangu siku hiyo usingizi ulinikimbia. Kwa bahati zabuni ilikuwa bado haijafutwa rasmi, maana kwetu hata kufuta kunahitaji faili lake, na mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita bado linazunguka. Nikaona mlango umebaki wazi kidogo. Nilimwambia Kukreja kwamba nataka kuandika maoni mapya, nijipinge mwenyewe.

Alifunga mlango wa ofisi kwanza. "Usiandike. Nisikilize mimi mara moja tu maishani mwako. Mwendee mkuu wako, Bi Vasudha, ongea naye kwa mdomo. Chai, biskuti, 'mama, hali ni mbaya, tufanyeje.' Yeye atajua njia. Ukiandika umekwisha."

"Jambo lisiloandikwa halipo, Kukreja."

"Ndiyo maana nasema usiliandike!"

Sikumsikiliza. Mtu aliyeishi kwa karatasi miaka thelathini haamini mdomo. Niliandika ukurasa mzima, mwandiko wangu bora: kwamba baada ya kutafakari upya, helikopta zilizopo ni hatari kwa maisha, kwamba uamuzi wa ukurasa wa mia mbili na kumi na nne uangaliwe upya, kwamba muuzaji aliyebaki aombewe ruhusa maalumu. Nikatia sahihi, nikajisikia nimepona.

Siku tatu baadaye Bi Vasudha Parthasarathy, mkuu wangu wa kazi, aliniita. Ni mwanamke mpole, hapandishi sauti. Faili lilikuwa wazi mbele yake.

"Kaa, Mohapatra-ji. Binti yako anarusha nini siku hizi?"

Nilivuta kiti nikakaa.

"Ulipaswa kutamka. Siku ileile alipopangiwa ulipaswa kujitoa kwenye faili hili."

"Madamu, nilichoandika ni kweli."

"Najua ni kweli. Hata mlinzi wa getini anajua ni kweli. Lakini wewe ndiye uliyeandika kinyume, na watu tisa wakakufuata kwa sababu ni wewe. Leo mtu asiyebadilika amebadilika. Wataniuliza kabadilishwa na nini. Nani atatia sahihi chini yako sasa? Mimi?" Akalifunga faili taratibu. "Nina miaka miwili ya kustaafu. Nisamehe."

Wiki haikuisha, barua isiyo na jina ikawafikia wapelelezi. Ilisema hivi: ofisa aliyeua zabuni sasa anaifufua kwa faida ya muuzaji mmoja, kapewa nini? Walikuja watu sita na mihuri. Wakalibeba faili, wakabeba na kabati za chuma tano, wakapita nalo koridoni makarani wakiwa wamesimama milangoni kama wanaosindikiza jeneza. Faili likiingia kwa wapelelezi hakuna anayeligusa mpaka kesi iishe, na kesi zetu hurithiwa na wajukuu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, Mohapatra-ji," Kukreja alisema, tukiangalia chumba kitupu. "Ila wewe umeingia na jeshi zima." Kisha akaona uso wangu, akaona aibu, akaenda kunitafutia chai.

Walipekua nyumba yetu. Walifungua mitungi ya mchele, wakapindua sanamu za miungu za Kuntala na kuziomba radhi, wakahesabu bangili zake nne. Hawakupata kitu kwa sababu hakikuwepo. Mwezi wa Juni wakamwita na Sulagna, aje Delhi aeleze kama muuzaji yule aliwahi kumtafuta. Aliomba ruhusa ya siku mbili.

Tulikaa wawili kwenye benchi la korido yao, joto la adhuhuri linatutoa jasho, feni juu inazunguka bila upepo. Mpelelezi kijana alimpa nakala za maoni yangu yote mawili, athibitishe kama ni mwandiko wa baba yake. Mapya alikuwa ameshasikia habari zake. Ya zamani hakuwa anayajua. Nilimtazama anavyosoma. Hakuchukua muda, yalikuwa mafupi.

"Mistari miwili, Bapa?"

"Sikujua kama utapangiwa zile..."

"Wangepangiwa wengine ingekuwa sawa?"

"Sikusema hivyo."

"Niambie basi ulisemaje. Mimi nimekuwa nikimwambia kila mtu kule, tulieni, Bapa yuko wizarani, anapigana. Roshan amekupa jina kabisa. Anakuita Admirali wa Mafaili."

Simu yake ililia kabla sijafungua mdomo. Alisimama, akasogea hatua mbili, akasikiliza. Alisema, "Saa ngapi?" Halafu akasema, "Nani na nani?" Halafu akasikiliza mpaka upande wa pili ukakata.

"Imeanguka," alisema. "Walikwenda kumchukua baharia mgonjwa kwenye manowari. Mkia umekatika, imeingia majini. Wameona mafuta juu ya maji, watu hawajaonekana." Alikuwa ananitazama lakini sidhani kama aliniona. "Ilikuwa zamu yangu. Roshan kanishikia."

"Jagannath mkubwa!" nikamshukuru mungu wetu.

Nilisema kwa sauti, korido nzima ikasikia, na mikono nilikuwa nimeshaikutanisha na kuipeleka kwenye paji la uso. Sitajitetea. Ilikuwa furaha, furaha iliyofika mpaka chini ya tumbo, mwanangu yuko hapa mbele yangu, mkavu, anapumua. Ndipo nilipouona uso wake.

Alizikunja zile nakala mara mbili, akaziweka kwenye benchi mahali alipokuwa amekaa, akachukua begi lake. Mpelelezi alitoka kumwita, yeye akampita kana kwamba ni mlango. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Sulagna. Mwanangu. Kaa kwanza, unywe maji."

"Nina ndege ya saa tisa." Alishuka ngazi mbili, akasimama, akageuka. "Roshan ana baba. Mwandikie, Bapa. Kuandika unajua."

Helikopta zote za aina ile zilizuiwa kuruka siku nne, zikakaguliwa, zikaruhusiwa. Sulagna anarusha ile iliyobaki. Jumapili humpigia mama yake simu, nami huona Kuntala anavyoihamisha simu kwenye sikio la mbali nikiingia chumbani. Wapelelezi walimaliza na mimi baada ya miezi kumi na moja wakaandika kwamba sina hatia yoyote. Faili wamebaki nalo kama kielelezo. Kukreja ananiambia wameunda kamati ya kuamua kama zabuni nyingine ianze.

Mzee Kurien ni mwalimu mstaafu, anaishi Kottayam, anwani yake ninayo. Nimestaafu na mimi, asubuhi zangu zote ni tupu. Kila siku baada ya chai nakaa mezani na karatasi nyeupe, nafungua kalamu, na mkono unaanza wenyewe: "Kwa kurejelea suala tajwa hapo juu." Naichana. Nachukua nyingine, nakaa muda mrefu nikimfikiria kijana yule mwenye masharubu membamba, na nikishusha kalamu naona nimeandika, "Inasikitisha kwamba." Naichana na hiyo. Leo nimechana saba, na Kuntala amekuja kuzizoa bila kuniuliza namwandikia nani.