Vigawo vya Moja Kumi na Moja

Namba ilikuwa ukutani, kwenye mbao za stoo ya kahawa: moja kumi na moja mfululizo, 11,111,111,111. Baba aliziandika kwa chaki, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa haujamrudia sawasawa tangu kiharusi. Zilisimama zimepinda kama nguzo za uzio wa ng'ombe.

Ilikuwa mwaka jana, hapa Akheri. Kaka yangu Calvin alitaka kumhamishia kwake Olasiti, mjini, karibu na hospitali. Baba, aliyefundisha hisabati hadi alipostaafu, hakutaka hata kusikia habari ya kuiacha migomba yake. Walibishana hadi chai ikapoa.

"Kichwa changu ni kizima," Baba akasema mwishowe. "Namba hii si tasa, ina vigawo. Nikivipata peke yangu, nabaki. Nikishindwa, njoo unichukue."

"Simu yangu itakujibu sasa hivi, Mzee."

"Ndiyo maana simu yako haitaulizwa."

Hakuwa anabahatisha. Alinieleza kwamba tasa yoyote inayoigawanya namba ile, ukiigawa kwa ishirini na mbili, lazima ibaki moja. Nyingine zote usipoteze nazo muda. Akaanza na 23, akaja 67, akaja 89, akapanda. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mibuni, nilisikia chaki ikikwaruza. Nilifurahi, niseme ukweli. Tangu augue alikuwa amekaa kimya mno, na sasa alikuwa anagombana na namba na kuzitania kama wanafunzi watoro.

Mchana mmoja, alipokuwa amelala, nilipita pale na ndoo ya maji nikasimama. Alikuwa amegawa kwa 21,649, na pembeni ameandika: ina baki. Nilifuata hatua zake kwa macho tu, mazoea ya mtoto wa mwalimu. Kwenye 70,121 toa 64,947 alikopa moja akasahau kuipunguza. Akaandika 5,184 badala ya 5,174. Nikaokota kijiti, nikamalizia hesabu mavumbini. Hakikubaki kitu.

Alikuwa amekipita kigawo chenyewe. Angeendelea kupanda, maelfu kwa maelfu, mpaka nguvu zimwishie.

Niliogopa. Nikisema, namtoa nyumbani kwake kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikinyamaza, namwacha achakae mbele ya ukuta ule. Alipoamka nikampa chai.

"Baba," nikasema, "ile ya 21,649, irudie."

Alichukua chaki. Kisha akairudia, polepole. Sifuri ilipotokea aliizungushia duara.

"Umeiona wewe," akasema.

"Ndiyo, Baba. Lakini Calvin hana haja ya kujua."

"Mtihani niliutunga mwenyewe, Hanna. Mpigie. Aje Jumapili baada ya ibada."

Nilitamani aniombe nidanganye. Ningedanganya bila kupepesa jicho. Hakuomba.

Siku zilizobaki tulikishughulikia kigawo cha pili, 513,239, tujue kama nacho ni tasa. Kwa kweli haikuhitajika. Kama hesabu zake za mwanzo zilikuwa sahihi, kitu cha kukigawanya kingekuwa kimeshaonekana huko chini.

"Lakini sasa nani atanisadiki?" Baba akauliza.

Basi tukaanza upya kwenye 23, yeye akigawa, mimi nikisahihisha. 23 ikaacha baki. 67 ikaacha baki. Tukapanda hadi mahali ambapo hapakuwa tena na sababu ya kuendelea, na kila moja aliyoikataa mwanzo ilistahili kukataliwa.

Jumapili Calvin alimkuta ameshavaa koti, amekaa kwenye benchi nje ya stoo.

"Imekuwaje, Mzee?" akauliza, kwa upole ambao sikuutegemea.

"Nimekosea mara moja," Baba akasema, akaninyooshea mkono wa kulia, ule mgonjwa, nimsaidie kuinuka.