Chumvi Kabla ya Madras

Saa moja na nusu asubuhi, saa za kwetu, ndege imeondoka Bombay kwenda Madras, au niseme ilipangwa kuondoka, maana nilicho nacho ni karatasi tu, kaiandika Benedikto, karani wa hawa wanunuzi binafsi wa korosho walioruhusiwa juzijuzi, kilomita elfu moja na thelathini, mwendo wa saa moja na dakika hamsini, itatua saa tatu na dakika ishirini, akanitania, korosho zenu huenda India wiki tatu majini, mwanao atazipita juu kwa juu... ndani yumo Sijaona, miaka sita, moyo una tundu, yuko na baba yake, daktari wa kumpasua yuko Madras, na mimi niko hapa nyumbani Mkomaindo mbele ya chungu cha kisamvu, chumvi mkononi, saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika kumi na mbili, na mama mkwe wangu, Bi Adija, anasema, "Mama Mrisho, mboga itaiva chapwa tena," bado mama, namjibu, naye anajua, ndiye aliyenifundisha kule kijijini Makote, mtoto akiwa jandoni mama yake haonji chumvi, akionja kidonda hakifungi, leo hakuna aliyeniagiza, nimejiwekea mwiko huo mwenyewe, siku ya nne hii... bado ananiita Mama Mrisho, na Mrisho hakurudi kutoka jandoni, miaka kumi sasa, na mimi nilionja, Jumanne, kidole kimoja, chungu cha jirani, hakuna aliyeniona, Alhamisi wakaja wanaume watatu wakasimama uani bila kubisha hodi, nikajua, na kidole kile sijamwambia hata mume wangu Dauda... dakika kumi na sita, sasa itakuwa inashuka, Benedikto alinionyesha kwa kalamu, hapa inaondoka, hapa inafika, kitu hakifiki kabla hakijaondoka, mama, nikacheka, nani asiyejua hilo... lakini ngoja, yule mlezi wake wa jandoni alisema nini pale uani, kofia mkononi, sikuwa nasikiliza, nilikuwa natazama miguu yake ina vumbi, alisema homa ilimshika Jumapili, tukadhani itapita. Jumapili. Mimi nilionja Jumanne. "Unahesabu nini?" anauliza Bi Adija. Siku, mama. "Za nani?" Naanza upya kwa vidole, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mara mbili, mara tatu, haibadiliki, homa ilitangulia, miaka kumi na sikuwahi kuziweka siku hizi mstari mmoja... basi naweza kuitia, chumvi haikufika hata jandoni, nusu saa kwa miguu, itafikaje Madras, naweza, na mkono haushuki, si kwa woga ule, ule sasa sijui uko wapi, ila Sijaona yuko juu na huku chini sina kazi nyingine ya kumfanyia. Bi Adija ameegemeza mwiko.

Saa tatu na dakika ishirini. Hakuna aliyekuja na telegramu kutoka posta. Kisamvu hakijatiwa chumvi.