Uzi Mnene wa Kiponda

Huko Mikindani, Tinga alisifika kwa mdomo. Vidole vya gitaa vilikuwa vya kaka yake Kiponda. Sasa Kiponda amezikwa, na kesho ni hanga ivu, matanga ya mwisho ya kumaliza kilio. Mama yao, Mbeyu, alikuwa ameomba jambo moja tu: gitaa la mwanawe lilie tena kama lilivyokuwa likilia.

Tinga akaona nyuzi zimeshika kutu. Akasema moyoni, marehemu haendewi na gitaa chafu. Akashika koleo akakata nyuzi tano kwa mkupuo, twa, twa, kama mtu anayechuma mchicha. Ule wa sita, mnene, aliuacha kwa sababu dukani aliponunua nyuzi mpya ulikuwa umeisha.

Kiponda hakuwa hivyo. Yeye alibadilisha mmoja mmoja, ili shingo ya gitaa isishtuke, na kila uzi aliuzungusha kwenye kigingi mara nne, ukishuka taratibu. Tinga alikuwa akimcheka: "Kaka, unasuka gitaa ama unasuka ukili?" Sasa Tinga akafunga zile mpya, kila uzi akauzungusha mara moja tu, akakaza, akachomeka spika.

Sauti ikatoka nyembamba, kali, kama kijiko ndani ya glasi. Nyuzi zilikuwa ngumu vidoleni, tena zikikwaruza shingo.

Mama alikuwa barazani akipeta kunde. Ungo ukasimama.

"Huyo ni nani?"

"Ni gitaa la Kiponda, Mama. Limeoga tu."

"Umeliosha hata mwenyewe katoka humo."

Tinga akatazama chini. Vipande vya nyuzi vilikuwa sakafuni, vyeusi kwa jasho la kaka yake, na uzi uliokatwa hauungwi. Kidole gumba kikaangukia ule mnene. Ukanguruma, mzito, wa chinichini.

"Hapo!" Mama aliusukuma ungo, kunde zikamwagika. "Rudia hapo."

"Mama, huu ni uzi mmoja tu."

"Kwani nimekuuliza ni ngapi?"

Tinga akainama. Pale uzi ulipokalia daraja, kile kibao cha tumboni mwa gitaa, kutu ilikuwa imeula hadi ukabaki kama unywele. Akiupiga kwa nguvu, utakatika leo, na kesho hakuna kitu.

Basi akautafuta wimbo mzima kwenye uzi ule mmoja, polepole, kwa nyama ya kidole, huku Mama akijisogeza karibu na spika kila sauti ilipofifia.