Chini ya Gunia Moja

Duka la nafaka pale soko la Makongeni, Thika, lina mizani kubwa ya chuma ambayo hupimia magunia ya mahindi. Hapo ndipo Mukonyo alipopimwa mara ya kwanza. Alivua viatu, akavua sweta, akanipa mkoba wake nimshikie, kisha akapanda. Mpakiaji mmoja aliyekuwa ameketi juu ya magunia alinyoosha shingo akasoma.

"Gunia moja na kilo mbili," akasema. "Mama, ungekuwa mahindi tungekushona mdomo mara mbili."

"Na wewe ungekuwa maharagwe ungerudishwa shambani. Umejaa wadudu," Mukonyo akamjibu, na watu wakacheka.

Gunia ni kilo tisini. Yeye alitaka kufika themanini na tatu, na alikuwa na wiki sita.

Binti yake wa pekee, Nzisa, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ruiru anayeitwa Muriithi. Watu wa Muriithi walikuwa waje na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwa Wakamba wakishapokelewa, msichana ni wa watu. Mukonyo ni fundi wa nguo. Alikuwa ameshakata kitenge chake cha siku hiyo, na hakukikata kwa kipimo cha mwili aliokuwa nao. Alikikata kwa mwili alioutaka.

"Kitambaa kikishakatwa hakirudi," aliniambia. "Sasa ni mimi nikifuate."

Aliniita mimi kwa sababu ya shule. Mimi ni mpishi katika shule ya bweni huko Ruiru, na jioni tatu kwa wiki nasoma masomo ya watu wazima. Nilikuwa Kidato cha Pili nikiwa na miaka hamsini na moja. Tulijuana na Mukonyo katika ushirika wa akina mama kanisani Makongeni, na tangu nianze kusoma aliacha kuniita Mama Shiko, akawa ananiita Mwalimu. Alikuwa ananitania, lakini mimi nilipenda sana jina hilo. Mungu anisamehe, nilipenda hata kupita kiasi.

Muhula huo Bwana Njau, mwalimu wetu wa baiolojia, alikuwa anatufundisha vyakula. Alituambia kwamba kila chakula kina kalori, na kwamba mwili hutumia kalori kama jiko linavyotumia makaa. Nilijua sasa kwamba wanga ni ugali, chapati, viazi, nduma na wali. Nilijua kugawanya na kutoa. Kwa hivyo nilichukua daftari jipya nikakaa na Mukonyo kwenye cherehani yake, tukapiga hesabu.

Ili abaki kama alivyo, alihitaji kama kalori elfu moja na mia tisa kwa siku. Kupunguza kilo tisa kwa siku arobaini na mbili kulitaka atoe elfu moja, mia sita na hamsini kila siku. Zilibaki mia mbili na hamsini. Nikaitazama ile nambari.

"Hii ni ya kuku," nikasema.

"Kuku mgonjwa," akasema Mukonyo.

Bwana Njau alikuwa ametuonya kwamba mtu mzima asishuke chini ya elfu moja na mia mbili bila daktari kujua. Basi nikaandika 1,200 juu ya ukurasa, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Wanga tuliuondoa karibu wote. Tuliacha mayai, sukuma, kabichi, omena, parachichi nusu, na nyama kidogo Jumapili. Tukashikana mikono juu ya daftari, nikaomba. "Bwana, tumeweka nambari hii mbele zako. Uifanye kweli katika mwili wa mtumishi wako."

Niliomba hivyo kwa moyo wangu wote. Wala sikumuuliza kama ana ugonjwa wowote.

Wiki ya kwanza alishuka kilo mbili. Mpakiaji alisimama kabisa kutazama. "Gunia kamili," akasema. "Sasa naweza kukubeba, mama." Wiki ya pili alishuka kilo moja na nusu, na Mukonyo akaanza kutembea kama mtu aliyeahidiwa kitu. Mimi nilikuwa nakuja Thika kila Jumamosi na Jumapili, nikisahihisha daftari kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya tatu nilimkuta anashona kola ya shati. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, ya ukungu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka mpaka sindano ikakosa njia.

"Una homa?" nikamuuliza.

"Ni mafuta yanatoka," akasema. "Si ulisema yatatoka?"

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini sikukataa.

Kisha akafungua kopo la zamani la maziwa ya mtoto, akatoa vidonge viwili, akavimeza kwa maji. Alipoona ninatazama, aliweka kopo chini polepole.

"Ni za sukari," akasema. "Nimezimeza miaka minne. Nzisa mwenyewe hajui."

"Mama Nzisa. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili uandike kwa kitabu? Wale watu wa Ruiru wataulizia ukoo. Kuna shangazi yake Muriithi, Nyawira, yeye kazi yake ni hiyo. Nani alikufa na nini, nani alirukwa na akili, nani yuko na sukari. Mtoto wa jirani yangu aliachwa hivyo, kwa sababu nyanya yake alikatwa mguu." Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa. "Apa hutasema."

Biblia yake ilikuwa pale karibu na mkasi. Nikaapa.

Halafu, ili kututuliza sote wawili, nikasema neno ambalo sitalisahau. Nikasema, "Hata hivyo ni vizuri. Wanga umeacha, na dawa unameza. Sukari tunaipiga kutoka pande mbili."

"Pande mbili," akarudia, na akatabasamu.

Katika ushirika wetu kuna desturi. Binti wa mmoja wetu akikaribia kupokelewa mbuzi au mahari, akina mama wote wanafunga pamoja Jumatano na Ijumaa, bila chakula hadi saa tisa alasiri. Na zamani mke wa mchungaji aliwahi kumwambia mama mmoja mwenye presha kwamba dawa si chakula, kwamba kumeza dawa hakuvunji mfungo. Ni kweli, hakuvunji. Sote tulilishika neno hilo. Kwa hivyo Jumatano na Ijumaa Mukonyo aliamka, akameza vidonge vyake viwili kwa maji, akafunga kopo, na akakaa bila kitu tumboni mpaka saa tisa. Hata siku nyingine kile alichokula hakikuwa kile ambacho daktari alikuwa amekipimia dawa.

Wiki ya tano mizani haikusogea. Alipanda, akashuka, akapanda tena. Mpakiaji alitaka kusema kitu lakini akamtazama usoni, akaacha. Jioni hiyo nilipofungua daftari nilikuta 1,200 imekatwa. Kando yake Mukonyo alikuwa ameandika 800 kwa chaki ya kushonea.

"Nani amebadilisha?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Roho wa Bwana," akasema, kisha akacheka peke yake. "Mwalimu, kitenge hakifungi mgongoni. Nikupe uje ukivae wewe?"

Ningefuta ile chaki kwa kidole. Ilikuwa chaki tu. Nikaiacha.

Jumanne iliyofuata, darasani Ruiru, nilibaki nyuma wengine walipokuwa wanakusanya vitabu. Nikamuuliza Bwana Njau swali kana kwamba ni la mtihani. Mtu anayemeza vidonge vya sukari akiacha wanga, itakuwaje?

Bwana Njau ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, lakini siku hiyo alinitazama kama mzee.

"Mama, huyo ni nani?"

"Ni mtu tu."

"Kuna vidonge ambavyo vinashusha sukari iwe umekula au hujakula," akasema. "Vyenyewe havijui kama umefunga. Mwambie huyo mtu aende kwa daktari wiki hii, kabla hajapunguza kitu kingine. Na akianza kutokwa na jasho na kutetemeka, apewe kitu kitamu mara moja, asingojee. Akichanganyikiwa, akilala usingizi usioeleweka, hapo mko karibu kumpoteza."

Jasho. Kutetemeka. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, na nilikuwa nimeyaandika kando ya kalori: *mafuta yanatoka*.

Nilimpigia Mukonyo simu pale pale nje ya darasa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Jumamosi wageni wanakuja," akasema. "Jumatatu nitaenda kliniki. Nimekuahidi."

"Usimeze hizo dawa basi, au ule ugali."

"Na nikiacha dawa sukari ipande mbele ya wageni? Mwalimu, siku nne tu. Na ulikula kiapo."

Siku nne. Niliomba kila siku ya hizo nne. Lakini nilipokuwa nimepiga magoti niligundua kwamba namwomba Mungu afanye kazi ambayo alikuwa ameshaniachia mimi.

Jumamosi nilifika Makongeni saa tatu asubuhi. Hema lilikuwa limesimamishwa, sufuria za pilau na muthokoi wa mahindi na maharagwe ziko motoni nyuma ya nyumba. Mukonyo alikuwa amevaa kitenge. Kilimfunga mgongoni. Alikuwa amefika kilo themanini na tano, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu ya jikoni.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Yai moja. Na dawa." Akajigeuza nimwone. "Sema kitu."

"Umependeza, Mama Nzisa."

Wageni walikuwa waje saa tano. Saa saba bado hawajafika. Walisema pikapu ya mbuzi ilipata pancha Ruiru. Mwenyeji hali kabla ya wageni wake, hiyo kila mtu anaijua, na mama wa binti ndiye wa mwisho kabisa kugusa sahani. Nilimpelekea parachichi kwa siri, akalisukuma. Nilimpelekea chai yenye sukari, akainusa, akaimwaga kwenye maua.

"Unataka kuharibu wiki sita," akasema. Hakuwa anatania. Sikuwahi kumwona na macho yale.

Walifika saa nane wakiimba. Mbuzi watatu walishushwa wakafungwa langoni. Mukonyo alisimama kuwapokea, akamshika mkono shangazi Nyawira, akamwambia, "Karibu, Nzisa."

"Mimi ni Nyawira," yule mama akasema.

"Ndiyo, Nzisa." Jasho lilikuwa limelowesha kitenge chote mgongoni. Nzisa mwenyewe alikuja akamshika bega, akasema, "Mami, keti." Mukonyo akaketi. Kichwa chake kikaanza kuinama kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia katika mahubiri. Wageni wengine walitabasamu. Walidhani ni uchovu wa mama wa binti.

Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Nilihesabu. Na katika hatua hizo tano nilifikiria Biblia, na mkono wangu juu yake, na shangazi Nyawira aliyekuwa anatazama kila kitu. Ilinichukua muda. Sijui ni muda gani. Ulikuwa mrefu kuliko unaohitajika kutembea hatua tano.

Kisha nikachukua soda kutoka mkononi mwa mgeni mmoja, nikapiga magoti, nikainua kidevu cha Mukonyo. "Kunywa." Midomo yake ilikuwa migumu. "Mukonyo, kunywa." Alimeza kidogo, nyingine ikamwagika kwenye kitenge. Akameza tena.

"Ana nini?" shangazi Nyawira akauliza nyuma yangu. "Ni sukari?"

Nzisa alinitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Ana sukari. Miaka minne. Leteni gari."

Walitumia ile pikapu ya mbuzi. Nilipogeuka nikiwa nyuma pamoja naye na Nzisa, niliona wazee wa Ruiru wamesimama kando ya lango wakizungumza kwa sauti ya chini, na wale mbuzi watatu bado wamefungwa pale pale. Hakuna aliyekuwa amewapokea. Hakuna aliyekuwa amewafungua.

Zahanati waliyomfikisha ilikuwa karibu. Walimpima, wakamtia maji ya glukosi kwenye mshipa, na baada ya nusu saa alifumbua macho akanijua. Nililia kwa shukrani, nikimsifu Mungu kwa sauti mpaka nesi akaniambia niteremshe.

"Hamwendi nyumbani," nesi akasema. "Hiyo dawa bado iko mwilini, na hana akiba ya chakula. Sukari itashuka tena. Itashuka leo, na inaweza kushuka kesho. Mmoja wenu akae hapa amtazame. Asilale."

Nzisa alitoka nje kupokea simu ya watu wa Ruiru. Nilimwona kupitia dirishani akisikiliza.

Mukonyo alivuta mkono wangu. "Mwalimu."

"Niko hapa."

"Ile soda. Ni ngapi?"

Sikumwelewa kwanza. Kisha nikaelewa.

"Na hii maji wameniwekea," akasema, akitazama chupa iliyoning'inia. "Nayo iko na ngapi? Uko na kitabu?"

Daftari lilikuwa mkobani mwangu. Nilikuwa nimelichukua kwenye cherehani yake asubuhi ile.

"Sina," nikasema.

"Uko nayo. Andika. Jumatatu nitapunguza." Alitabasamu lile tabasamu la siku ya kwanza, pale kwenye cherehani. "Tumebakisha kilo mbili tu."

Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili ili anyamaze, nikaanza kuomba, kisha nikaacha katikati ya neno. Kiganja chake kilikuwa kimeanza kulowa tena.

Nikasimama nikamwita nesi.