Nyumba Isiyorusha Maharage

Katika kijiji kile cha chini ya mlima, ukitupa jiwe ovyo utampiga Watanabe. Polisi atakayekuja kukukamata ni Watanabe, na daktari wa meno atakayekushughulikia baada ya ndugu wa aliyepigwa kukufikia kabla ya polisi, naye ni Watanabe. Ukoo huo ulikuwa na watu wake mashuhuri, na picha zao zilitundikwa kwenye ukumbi wa shule kwa heshima zote: profesa wa minyoo, mchezaji wa besiboli aliyewahi kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa akipiga chafya, na mama mmoja aliyefuma hariri iliyovaliwa na watu ambao majina yao hayatajwi mtu akiwa na chakula mdomoni. Juu yao wote, bila picha kwa kuwa enzi zake hapakuwa na kamera, alikuwepo yule mpiga upanga wa kale aliyelikata zimwi mkono langoni mwa mji mkuu.

Ni kwa ajili yake huyo kwamba kila mwaka, jioni ya kuaga majira ya baridi, nyumba nyingine zote zinaporusha maharage ya soya yaliyokaangwa na kupiga kelele "Mazimwi nje! Baraka ndani!", nyumba za akina Watanabe hukaa kimya. Hazirushi hata punje. Zimwi likifika mlangoni na kusoma kibao cha jina, hukumbuka mkono wake, hujikuna panapowasha, na kupita njia nyingine.

Shunpei alikuwa na umri wa miaka kumi na minne na aliishi katika nyumba yenye kibao hicho. Tatizo lake lilikuwa moja tu: yeye hakuwa Watanabe. Alikuwa Hosokai. Baba yake alifariki, mama yake akaolewa na Bwana Tetsuo Watanabe na kuchukua jina la mumewe, lakini sheria haimhesabu mtoto kama begi la mama. Mpaka baba wa kambo amwasili rasmi, mtoto hubaki na jina alilokuja nalo. Tetsuo alikuwa amekubali. Mwaka ule, asubuhi ya kufuata jioni hiyo ya maharage, walikuwa waende ofisi ya mji, na kuanzia saa hiyo Shunpei angekuwa Watanabe kama polisi, kama daktari wa meno, kama mchezaji wa chafya.

Alilitaka jina hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, ingawa angekubali kumezwa na nyoka kuliko kulisema jambo hilo mbele za watu. Akina Hosokai hawakuwa na ukumbi wa picha. Mtu wao mashuhuri alikuwa marehemu babu, aliyeanguka ziwani mara mbili katika harusi moja. Zaidi ya Shunpei mwenyewe, aliyebaki hai ni Shangazi Nobue peke yake, dada wa baba, aliyeishi katika mji wa Kofu na paka mwenye chuki.

Mchana wa siku ya kurusha mwalimu aligawa pakiti za soya darasani. Shunpei aliirudisha yake kwa mikono miwili, akainama kama balozi.

"Ahsante sana, mwalimu. Kwetu hatutumii."

Darasa likacheka. Daigo, rafiki yake na mshirika wake katika makosa mengi, alimdaka njiani wakirudi.

"Ati kwetu hatutumii! Kwenu wapi, wewe Hosokai?"

"Kesho, mtu wangu. Kesho utaniita Bwana Watanabe na utanibebea mkoba."

"Kesho ni kesho. Mazimwi yanatembea leo." Daigo alirusha soya moja hewani akaidaka kwa mdomo. "Hebu fikiria, akili yako ikiruhusu. Sisi tunayafukuza majumbani mwetu, sawa? Yanatoka. Yanakwenda wapi? Kwenye nyumba ambayo haijarusha. Na nyumba ambazo hazijarusha ni zenu tu."

"Yakifika yanaona jina."

"Yanaona jina la nyumba. Wenyewe wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bibi yako wa kambo linamjua. Wewe linakujua?" Akampigapiga begani kwa huruma ya uongo. "Nitakuja kwenye maziko. Kutakuwa na keki?"

"Kwako hakutakuwa na kitu. Nitaacha wosia."

Walicheka, wakaachana penye daraja. Shunpei alipobaki peke yake aligundua kwamba anatembea haraka.

Nyumbani alimkuta Bibi Otsune, mama yake Tetsuo, tayari amevaa koti. Mama na Tetsuo walikuwa garini wakimsubiri. Walikuwa wanashuka mjini kununua samaki mwekundu wa karamu ya kesho, na Bibi alikuwa anakwenda kwa sababu, kwa maoni yake, mkwe ajuaye kuchagua samaki bado hajazaliwa.

"Mwangalie Mio," alisema. Mio alikuwa binti wa Tetsuo, mwenye miaka minne, Watanabe wa damu na wa meno. "Na hizi alizopewa huko chekechea zisiguswe." Aliiweka pakiti ya soya juu ya kabati la viatu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. "Siku nyumba hii itakaporusha punje moja, yatajua kwamba tumeanza kuogopa. Na yakishajua, hayasahau."

"Bibi, mimi nirushe kwa lipi? Mimi jasiri."

Bibi Otsune alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa asichokuwa na hakika kitatosha.

"Kama ingekuwa kesho," alisema, "nisingekuwa na wasiwasi. Usimfungulie mtu." Akaenda zake.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya mlima. Kutoka nyumba ya akina Amano, wageni pekee wa mtaa ule, zilisikika kelele za kurusha: mazimwi nje, mazimwi nje. Milango ikafungwa kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine, ili waliotoka wasirudi. Kisha ukaja ukimya, na theluji ikaanza kudondoka.

Shunpei na Mio walikuwa wakila machungwa miguu ikiwa chini ya meza yenye kipasha joto, pale mtu alipogonga kioo cha mlango.

Hakugonga mara mbili. Aligonga mara moja tu, akangoja, kama mwenye hakika kwamba amesikika.

Shunpei alikwenda mpaka mlangoni, panapovuliwa viatu. Mlango ulikuwa wa kusukuma kando, wa kioo chenye ukungu, na nyuma ya kioo palisimama umbo la mwanamke aliyejifunga kilemba cha sufu.

"Shunpei? Ni shangazi yako. Ni Nobue."

Sauti ilikuwa yenyewe, hata na ule mkwaruzo wa sigara alizoapa kwamba ameacha. Mkono wa Shunpei ulikwishashika kitasa. Kisha akatazama nje kwa dirisha dogo la pembeni. Njia ya kuingilia ilikuwa nyeupe tupu. Hapakuwa na gari, na Shangazi Nobue hakuwahi kutembea kwa miguu kwenda hata dukani.

"Shangazi, umekujaje?"

"Nimetembea. Nimetoka hapo chini, penye nyumba za watu wenye kelele." Umbo lilisogea karibu zaidi. "Wamenifukuza kila mahali leo. Nifungulie, baridi imeniingia mfupani."

Kila mtoto wa kijiji kile anajua sehemu ya pili ya hadithi ya mpiga upanga, ile ambayo haielezwi kwa majivuno. Zimwi liliurudia mkono wake. Lilikuja kwa sura ya shangazi, likalia mlangoni, na shujaa yule ambaye hakushindwa na kitu akamfungulia shangazi yake. Shunpei alikuwa ameisikia mara nyingi, na kila mara alikuwa akisema kwamba yeye asingekuwa mjinga hivyo. Sasa alikuwa anatazama mkono mmoja wa mwanamke ukiwa umeegemea kioo, vidole vikiwa vimetanda. Mkono wa pili ulikuwa umefichwa ndani ya koti, na koti upande ule lilikuwa limelala bapa.

"Tumekatazwa kufungua," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, akakohoa. "Hapa ni kwa akina Watanabe. Umesoma kibao?"

"Nimesoma. Ndiyo maana nimesimama nje." Likacheka taratibu. "Lakini mimi sikuja kwa hao. Nimekuja kwa Hosokai. Humo ndani kuna Hosokai, nasikia harufu yake, anakula chungwa. Toka wewe mwenyewe basi, kama mimi siruhusiwi kuingia."

"Sitoki."

"Kama unaniogopa, nirushie maharage. Si hayo hapo, juu ya kabati la viatu?"

Shunpei aliinua macho. Pakiti ilikuwa pale, karibu na paji lake la uso. Angeweza kuichana kwa meno. Mwili wake wote ulitaka kurusha, na mkono ulikwishaanza kupanda, pale vidole vidogo vilipomshika suruali. Mio alikuwa amemfuata, ndevu za maji ya chungwa kidevuni. Ndipo Shunpei akaelewa kwa nini kitu kile kilikuwa kinamhimiza. Kurusha kungemwokoa yeye kwa leo, na kungeyafungulia mazimwi mlango wa Mio maisha yake yote.

Akaushusha mkono. Kisha, kwa kuwa ukweli lazima usemwe hata pale unapoaibisha, akapiga magoti na kujificha nyuma ya mtoto wa miaka minne.

"Kaka, nani huyo?" aliuliza Mio.

"Mtu amepotea njia. Mwambie aende."

"Nenda!" alisema Mio kwa kioo.

Vidole vilijiondoa kwenye kioo ghafla, kama vilivyoungua. Umbo likarudi nyuma hatua moja.

"Sawa, Watanabe mdogo," lilisema kwa heshima. "Nitakwenda. Huyo aliye nyuma yako ni nani?"

"Kaka yangu. Shunpei. Miguu yake inanuka."

"Shunpei nani?"

"Watanabe!" alisema Mio, akishangaa kwamba mtu mzima hajui jambo kama hilo.

 Theluji iliendelea kudondoka nyuma ya umbo lile.

"Mtoto amesema," lilisema hatimaye, na sasa sauti haikuwa na mkwaruzo wowote wa sigara. "Ila mtoto husema alichoambiwa. Sema mwenyewe, nikusikie. Wewe ni Hosokai au si Hosokai?"

Shunpei alikuwa mwongo mzoefu. Aliwahi kumshawishi mwalimu mkuu kwamba bata wa bwawani ana homa. Jibu hili lakini lilimshinda, kwa sababu baba yake alikuwa Hosokai, na alikufa akiwa Hosokai, na lile jina ndilo kitu alichomwachia. Alimshika Mio mabega. Kesho ilikuwa karibu sana. Ilibaki usiku mmoja tu, na nani angekuja kuhesabu usiku mmoja?

"Si Hosokai," alisema. "Hilo jina si langu. Mimi ni Watanabe."

"Vizuri," lilisema. "Basi Hosokai amebaki mmoja."

Likageuka. Shunpei alitazama dirishani likienda, halikimbii, likifuata barabara ya kuelekea Kofu, mpaka theluji ilipolifunika.

Kwanza alihisi furaha. Alimrusha Mio juu, wakacheka wote wawili, na alikuwa amekwisha kuanza kutunga jinsi atakavyomsimulia Daigo, akiiacha nje ile sehemu ya kujificha. Alikuwa amerudi mezani na anamenya chungwa la pili pale maneno yale yalipomfikia. *Amebaki mmoja.*

Alimpigia shangazi yake. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa.

"Nani?"

"Shangazi, ni Shunpei. Uko wapi?"

"Niko wapi? Niko kwangu, mguu juu ya mto, tangu asubuhi. Una nini, mbona unahema?"

"Umerusha maharage?"

"Nirushe nimfukuze nani, na humu tumo mimi na paka? Ukoo wa Hosokai uliobaki na watu wawili hauna cha kuibiwa."

"Rusha sasa hivi. Tafadhali. Halafu funga mlango, usimfungulie mtu yeyote, hata kama unamjua."

Shangazi Nobue aliguna. Huyu ndiye mwanamke ambaye Shunpei aliwahi kumpigia akijifanya idara ya maji, akamfanya ajaze ndoo zote za nyumba. Tena akajifanya daktari wa wanyama, akamtaka amkague paka meno.

"Leo ni idara gani?" aliuliza.

"Si mchezo, Shangazi! Naapa kwa kaburi la baba."

"Hilo usiliapie. Na ngoja kwanza, mtu anagonga." Mguu ulisikika ukishushwa, na nyayo zikiburura sakafuni. Kwa mbali paka aliguruma, mlio mrefu uliotoka chini kabisa tumboni. Kisha shangazi akaangua kicheko.

"Wewe mtoto, wewe! Unanipigia simu huku umesimama mlangoni kwangu! Nakuona kwenye kioo, na hilo koti lako la shule. Umekuja na treni gani? Na huo mkono unaoficha ndani ya koti, umeniletea nini?"

"Si mimi! Shangazi, mimi niko nyumbani, niko kwa Watanabe!"

"Ndiyo, na mimi niko mwezini. Subiri nikuvute hilo sikio."

Mio alikuwa amebandika shavu lake kwenye simu ili naye asikie. Ndani ya simu, nyuma ya kicheko cha shangazi, ilitoka sauti ya mvulana, safi, yenye adabu, na wote wawili waliisikia.

"Ni mimi, Shangazi. Hosokai. Nifungulie."

"Kaka," alinong'ona Mio, "nani anaongea kama wewe?"

Shunpei alikuwa anapiga kelele alipolisikia komeo likivutwa.